Luminoli darasani: namna ya kuwasha mwanga wa buluu usio na moto

Kifaa cha kwanza cha somo hili ni giza, na ndicho kinachokosekana zaidi mashuleni. Mwalimu akinipigia simu kuniambia luminoli yake, ile kemikali inayotoa mwanga gizani, imekufa, huwa namuuliza swali moja: madirisha umeziba kwa kitu gani? Jibu huwa ni mapazia. Mapazia ya maabara hayazuii jua la Tanga la saa tano asubuhi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata gramu moja ya kemikali, ingia katika chumba utakachotumia, funga mlango, kaa dakika kumi, kisha nyoosha mkono mbele ya uso. Ukiuona, chumba bado.

Mimi ni fundi wa maabara katika sekondari ya bweni. Si mwalimu, ingawa wanafunzi wananiita hivyo na nimeacha kubishana nao. Kazi yangu ni kuandaa, kuosha, kuhesabu chupa na kufunga kabati. Maelezo haya nayaandika kwa mafundi wenzangu na walimu wa kemia wenye maabara ya kawaida: mizani inayosoma hadi gramu 0.1, bomba linalotoa maji likipenda, na bajeti inayojadiliwa hadi muhula unaisha. Kwa vifaa hivyo hivyo, onyesho hili linawezekana, tena linapendeza.

Ukitaka madirisha yazibwe vizuri, nunua nailoni nyeusi nzito ambayo mafundi ujenzi huitandaza chini ya zege. Ikunje mara mbili, ibandike kwa gundi ya karatasi kuzunguka fremu nzima, na usisahau uwazi wa chini ya mlango: tia kanga au gunia. Njia rahisi zaidi ni kufanya onyesho saa mbili usiku, wakati wa prepo. Umeme ukikatika usiku huo, shukuru.

Simu zote zibaki nje, au zikusanywe kwenye sanduku. Jicho huchukua dakika kumi na zaidi kulizoea giza, na mtu mmoja akiangalia saa kwenye kioo cha simu anawaharibia darasa zima. Wewe utahitaji kuona unachofanya: funga tochi ndogo kwa plastiki nyekundu tabaka kadhaa. Mwanga mwekundu hafifu hauliharibu jicho lililozoea giza kama unavyofanya mweupe.

Kinachotoa mwanga ni nini

Mshumaa, kibatari na karabai vyote vinaangaza kwa sababu kitu kimepata joto kali: chembe za masizi ndani ya mwali, au utambi wa karabai. Luminoli haihitaji joto. Ukiichanganya na haidrojeni peroksaidi katika maji yenye alkali, na ukaongeza kichocheo chenye shaba au chuma, molekuli inaoksidishwa, inapoteza naitrojeni, na kinachobaki kinazaliwa kikiwa na nishati ya ziada katika elektroni zake. Ni mkwezi aliyejikuta juu ya mnazi bila kupanda: lazima ashuke. Mara nyingi anashuka kwa kuteleza taratibu, na nishati inapotea kama joto dogo ndani ya maji. Mara chache anadondosha nazi, na nazi hiyo ni fotoni, yaani chembe moja ya mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 425 hivi.

Nasema mara chache kwa makusudi. Katika maji, kwa luminoli, ni takriban molekuli 1 kati ya 100 inayotoa mwanga. Ndiyo maana nimeanza na nailoni nyeusi.

Mjerumani H. O. Albrecht ndiye aliyeuandika mwanga huu kitaalamu mwaka 1928. Mwaka 1937 Walter Specht, huko Jena, akaonyesha kwamba luminoli inaweza kufichua madoa ya damu, kwa sababu chuma kilichomo ndani ya himoglobini kinafanya kazi ya kichocheo. Hapo ndipo ilipoingia katika kazi ya polisi na baadaye katika filamu. Wanafunzi wako watakuwa wameiona kwenye filamu. Usikasirike, tumia hamu hiyo hiyo.

Vitu vya kutafuta

Luminoli yenyewe utaagiza kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Ni unga wa rangi ya manjano hafifu. Agiza gramu 1 tu, kwani inatosha lita 5 za mchanganyiko, na shule nyingi hazitamaliza kiasi hicho kwa miaka miwili. Mkaguzi wa hesabu akishangaa bei ya kichupa kidogo namna hiyo, mpigie hesabu ya bei kwa lita.

Sodiamu kaboneti unayo tayari, ile ya titresheni ya kidato cha nne. Angalia lebo: ikiwa ni ile isiyo na maji ndani ya fuwele, pima gramu 4 kwa lita. Ikiwa ni fuwele zenye molekuli kumi za maji, pima gramu 10.8, la sivyo utakuwa na chini ya nusu ya ulichokusudia.

Sodiamu baikaboneti inauzwa madukani. Soma lebo kwa makini, usichukue baking poda. Baking poda ina asidi na wanga ndani yake. Itatoa povu na kuchafua kila kitu. Kuna mwenzangu mmoja aliuliza kama magadi ya sokoni yanafaa, na swali lake si la kijinga hata kidogo, maana magadi kama yale ya Ziwa Natron kwa kiasi kikubwa ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, vitu hivi hivi viwili. Ila yana chumvi nyingine na udongo, na uwiano wake hauujui. Kwa maharage sawa. Kwa luminoli, nunua zilizosafishwa.

Kopa salfeti ni mrututu, ule wa buluu wanaoufahamu wakulima wa kahawa. Maabara yoyote inao. Amonia kaboneti huenda ukalazimika kuiagiza. Ina harufu kali ya amonia, na kama chupa ya zamani haina harufu tena, jua imeshapotelea hewani.

Haidrojeni peroksaidi unapata duka la dawa. Hapa watu wengi wanakosea. Chupa yenye maandishi ya asilimia 3 ni sawa na ile inayoitwa volyumu 10. Ya asilimia 6 ni volyumu 20. Angalia pia tarehe, na kwamba chupa ni nyeusi au ya kahawia. Peroksaidi iliyokaa juani dukani imebaki maji matupu. Jaribio la haraka: dondosha tone juu ya kipande cha kiazi kibichi. Povu likitoka kwa nguvu, bado ina uhai. Zile za saluni za kupakia rangi ya nywele usizichukue. Nyingi ni krimu zenye mafuta na vitu vingine.

Maji yawe yaliyokenekwa. Ukiyanunua kituo cha mafuta kama maji ya betri, soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa katika chupa zinazofanana nayo, rafu moja.

Miwani ya kinga na glavu si hiari. Hakuna kitu cha kutisha kwenye orodha hii, lakini kuna alkali, na alkali na jicho havipatani.

Kuchanganya

Tatizo la kwanza ni mizani. Lita moja inahitaji gramu 0.2 za luminoli, na mizani yetu ya kusoma 0.1 haiwezi kupima 0.2 kwa uaminifu. Suluhisho ni kutengeneza akiba. Yeyusha gramu 1 ya sodiamu haidroksaidi katika mililita 80 hivi za maji, polepole, maana inapata joto. Ikipoa, tia gramu 1 yote ya luminoli, koroga hadi iishe, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Sasa kila mililita 20 ina gramu 0.2 kamili, na hizo unazipima kwa silinda au bomba la sindano lisilo na sindano. Weka akiba hiyo kwenye chupa ya kahawia, ndani ya kabati lenye giza, na uitumie mapema, haipendi kukaa. Kama huna haja ya lita tano kwa muhula mmoja, gawanya unga: tumia nusu gramu kwa mililita 50, nusu nyingine ibaki kavu.

Mchanganyiko wa kwanza, nauita A, unakuwa hivi kwa lita moja:

- sodiamu kaboneti, gramu 4
- akiba ya luminoli, mililita 20
- sodiamu baikaboneti, gramu 24
- amonia kaboneti, gramu 0.5
- mrututu, gramu 0.4

Anza na maji nusu lita. Fuata mpangilio kama nilivyouandika, kila kimoja kiyeyuke kabla kinachofuata hakijaingia, na mrututu uwe wa mwisho. Ukiutanguliza mrututu kwenye kaboneti tupu utapata mashapo ya kibuluu yanayoning'inia majini. Amonia ndiyo inayoishika shaba ibaki imeyeyuka. Halafu ongeza maji hadi lita moja. Utapata kimiminika chenye rangi ya buluu hafifu, kama hakuna kilichotokea. Vizuri, hakuna kilichotokea.

Mchanganyiko B ni mwepesi: mililita 50 za peroksaidi ya asilimia 3, ongeza maji hadi lita moja. Kama yako ni ya asilimia 6, weka mililita 25.

A na B visikutane hadi taa zizimwe. Andika lebo kubwa, maana gizani chupa zote ni chupa. Mimi nafunga mpira wa kubania fedha kwenye shingo ya chupa A ili niitambue kwa kidole.

Onyo moja ambalo sitalirudia kwa upole: usitie dawa ya kufulia ya klorini kwenye mchanganyiko huu. Ni kweli kwamba klorini nayo huifanya luminoli iwake, na utaona maelekezo hayo mahali pengi. Lakini A ina amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa gesi ya kloramini inayochoma mapafu. Maelekezo ya klorini yana mchanganyiko wake tofauti, wenye luminoli na sodiamu haidroksaidi tu. Usichanganye mapishi mawili.

Kuonyesha

Zima taa. Waache wakae. Dakika za mwanzo watacheka, watasukumana, atatokea mmoja wa kupiga kelele ya jini. Waache wamalize. Zungumza nao taratibu kuhusu mkwezi na mnazi. Wakinyamaza, ndipo macho yao yamefungua.

Mimina A na B kwa kiasi sawa, kwa wakati mmoja, ndani ya faneli. Chini ya faneli unganisha ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi ujenzi huujaza maji kupimia levo. Uzungushe kwenye stendi ya chuma uwe kama nyoka, na mwisho wake uingie kwenye flaski kubwa. Mwanga wa buluu utateremka ndani ya mpira mzunguko kwa mzunguko. Mimina polepole: mwangaza mkali ni ule wa mwanzo, kisha unafifia, na ukimwaga vyote kwa pupa umelimaliza somo kabla wa nyuma hawajasogea.

Ruhusu waguse flaski. Hili nalisisitiza. Wataambiana kuwa ni baridi, na hapo somo limeingia bila wewe kusema neno. Mwanga huu hautokani na joto. Mkono wao umeshuhudia.

Ukitaka rangi, tia fluoreseini kidogo sana, ya kushika kwenye ncha ya spatula, ndani ya B. Mwanga utageuka manjano ya kijani. Luminoli inaikabidhi fluoreseini nishati yake, na fluoreseini inatoa mwanga wa rangi yake yenyewe. Kumbuka jambo hilo, litarudi kwenye vijiti vya mwanga.

Picha zinapigika. Weka simu yako juu ya kitu imara, hali ya usiku, muda wa sekunde mbili hadi nne. Picha ya mkononi itatoka ukungu mtupu.

Na damu? Wataomba. Kataa. Usitumie damu ya mtu, ya mwanafunzi wala yako, kwa sababu ya virusi vya homa ya ini na UKIMWI, na kwa sababu huna haja nayo. Kama unayo potasiamu hexasayanofereti, zile fuwele nyekundu, tengeneza A nyingine bila mrututu, ichanganye na B kwenye bika refu, kisha dondosha fuwele moja. Itazama ikiacha mkia wa buluu nyuma yake. Chuma kimefanya kazi ile ile ambayo kingefanya ndani ya damu. Zisikutane na asidi tu.

Kisha waeleze jambo ambalo filamu hazisemi: luminoli haithibitishi damu. Inawaka kwa shaba, kwa dawa ya klorini iliyosafishiwa sakafu, kwa vimeng'enya vya baadhi ya mizizi na mboga. Mpelelezi mwenye akili anaitumia kumwonyesha pa kuchukua sampuli, halafu sampuli inakwenda kupimwa kwa njia nyingine. Mtu asifungwe kwa sababu ukuta uling'aa.

Kutoka kutazama hadi kupima

Walimu wengi huishia kwenye mpira unaong'aa. Onyesho zuri, watoto wamefurahi, taa zinawashwa. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu thamani ya mwanga huu duniani haipo katika kuangaza. Ipo katika kuhesabika. Ukiwa na kitu kinachotoa mwanga penye giza kamili, kila fotoni unayoiona imetoka kwenye mmenyuko wako, na wingi wa mwanga unakuambia wingi wa kitu fulani ndani ya neli.

Fanya hivi. Tengeneza A bila mrututu. Chukua mrututu gramu 0.4, uyeyushe katika mililita 100 za maji. Hiyo ni neli namba moja. Chukua mililita 1 yake, ongeza maji mililita 9. Hiyo namba mbili. Endelea hivyo hadi namba tano, kila moja ikiwa nyepesi mara kumi kuliko iliyotangulia. Rangi ya buluu itapotea mapema. Neli za mwisho zitaonekana kama maji safi. Panga neli tano za majaribio zenye mililita 5 za A na mililita 5 za B. Zima taa. Tia matone mawili kutoka kila namba, haraka haraka, na wanafunzi wapange neli kwa ukali wa mwanga bila kujua ipi ni ipi.

Watagombana kuhusu zile za mwisho. Ugomvi huo ni wa kisayansi kabisa: wamefika kwenye kikomo cha chombo cha kupimia, na chombo chenyewe ni jicho la mtoto wa miaka kumi na sita. Waulize: tukiweka kifaa kinachohesabu fotoni mahali pa jicho, tungefika namba ngapi?

Kifaa hicho kipo hospitalini. Mtu akipimwa homoni za tezi ya shingo, au kingamwili za homa ya ini, au protini zinazoashiria moyo umeumia, maabara nyingi za hospitali kubwa hutumia mashine ya mwanga wa kikemikali. Ndani yake, kingamwili iliyofungiwa kemikali inayotoa mwanga, kwa mfano akridinia esta, inanasa kile kinachotafutwa kwenye sampuli ya damu. Zilizobaki bila kunasa zinaoshwa. Kisha mashine inaingiza peroksaidi na alkali, mwanga unamulika kwa sekunde chache, na bomba la kukuza fotoni linauhesabu. Mwanga mwingi, kitu kingi. Au kinyume chake, kutegemea kipimo kilivyopangwa. Namba inayotoka kwenye karatasi ya daktari ilianza kama mmweko gizani. Hakuna balbu, kwa hiyo hakuna mwanga mwingine wa kuchanganya hesabu, na ndiyo siri ya kugundua kiasi kidogo mno.

Njia hiyo hiyo hupima moshi wa magari: naitriki oksaidi ikikutana na ozoni hutoa mwanga hafifu unaohesabika. Na kimulimuli ametoa chake. Mwaka 1947 William McElroy, huko Marekani, alionyesha kwamba mwanga wa kimulimuli hauwaki bila ATP, ile molekuli ya nishati iliyomo katika kila seli hai. Aliwalipa watoto wamkamatie wadudu. Leo viwanda vya vyakula vinapangusa meza kwa kijiti cha pamba, vinakichovya kwenye kimeng'enya cha kimulimuli, na kusoma mwanga. Ukitokea, meza ina mabaki yaliyotokana na viumbe hai, hata kama inaonekana safi. Kimulimuli, kwa njia, anamshinda luminoli mbali sana: karibu fotoni 4 kwa kila molekuli 10.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Osamu Shimomura. Mwaka 1961, huko Friday Harbor, Marekani, alikuwa akihangaika kutoa kemikali ya mwanga kutoka kwa kiwavi wa bahari, yaani mnyama wa utelezi anayeitwa Aequorea. Siku moja akamwaga mabaki kwenye sinki, na sinki likang'aa. Maji ya bahari ya tangi la samaki yalikuwa yakimwagikia humo. Kilichokosekana siku zote kilikuwa kalisi, iliyo tele baharini. Protini aliyoipata, ekworini, ikaja kutumika kupima kalisi ndani ya seli, na protini ya kijani aliyoikuta pembeni yake ikamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Naisimulia hadithi hii kwa mafundi wa maabara hasa: angalia sinki kabla hujalisuuza.

Jaribio la joto usilisahau, ni la dakika tano. Bika tatu za mchanganyiko, moja kwenye barafu, moja mezani, moja kwenye maji ya moto ya kuvumilika mkononi. Ya moto itawaka zaidi na kuzimika upesi. Ya barafu itakuwa hafifu na itadumu. Hilo linatuleta kwenye matumizi ambayo hata babu mvuvi atayataka.

Vijiti vya mwanga

Kijiti cha plastiki unachokikunja kikalia "kach" na kuanza kung'aa si luminoli. Ndani kuna kichupa chembamba cha kioo chenye peroksaidi, na nje yake esta ya oksaleti pamoja na rangi. Edwin Chandross wa Bell Labs ndiye aliyefungua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Michael Rauhut na wenzake wa American Cyanamid wakaifanya bidhaa. Mmenyuko unatoa nishati, rangi inaipokea na kuitoa kama mwanga, sawa na fluoreseini yetu. Kwa hiyo rangi ya kijiti ni ya rangi iliyotiwa, si ya mmenyuko. Nunua kijani: jicho gizani linaiona vizuri zaidi.

Angalia mambo mawili dukani: tarehe ya mwisho, na kifuko cha foili kisichotobolewa. Kijiti kilichokaa nje ya kifuko chake kwenye unyevu wa pwani ni bahati nasibu. Vya kawaida vya sentimita 15 huandikwa saa 8 au 12. Saa hizo hazina mwanga sawa. Za mwanzo ni kali, za mwisho ni za kukujulisha tu kwamba kijiti kipo. Ukikivunja, hakizimiki. Ukikiweka kwenye friza, kitapunguza kasi sana, na ukikitoa kesho kitaendelea kidogo. Ukitaka mwanga mkali kwa muda mfupi, kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu. Usikichemshe, na usikitie kwenye maikrowevu. Kitapasuka, na ndani kuna vipande vya kioo.

Kwa anayekwenda na ngalawa au mtumbwi usiku wa giza, ule usio na mbalamwezi ambao wavuvi wa dagaa wanaupenda, weka viwili vikiwa vimefungwa kwenye jaketi la kuokolea maisha, havijavunjwa. Maji hayavizimi. Chombo kikizama, vunja kimoja, kifunge kwenye kamba ya urefu wa mkono na ukizungushe kwa kasi: kitachora duara kubwa la mwanga linaloonekana mbali kuliko kijiti kilichotulia. Kile cha pili kiache kwa baadaye.

Nyumbani kina faida moja ambayo tochi nyingi hazina: hakitoi cheche. Mtungi wa gesi ukivuja usiku, usiwashe swichi, wala kiberiti, wala simu. Fungua madirisha, toka na watoto, na kama lazima uone njia, kijiti kinatosha.

Watoto huving'ata. Kimiminika kinachoma mdomo na kina ladha mbaya. Suuza mdomo kwa maji, mpe maji ya kunywa. Kikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka robo saa na mpeleke kituo cha afya, hasa kama kulikuwa na kioo. Kijiti kilichokufa usikitupe baharini, maana plastiki haifi pamoja nacho.

Kumwaga na kuhifadhi

Baada ya somo utabaki na lita mbili za maji yenye shaba. Shaba kidogo haimdhuru mtu, ila samaki na viumbe wadogo wa majini inawaumiza, na karo za hapa kwetu mwisho wake ni bahari. Kusanya yote kwenye dumu la taka za metali, lile lile la mabaki ya mrututu wa masomo mengine, na lisubiri utaratibu wa shule. Usiku wa kwanza usikaze kifuniko: peroksaidi iliyobaki inaendelea kutoa gesi, na dumu lililofungwa litavimba.

Osha mpira wa levo mara moja, ukikauka unaacha doa la kijani. Peroksaidi irudi kabati la chini, penye baridi, mbali na mrututu. Kichupa cha luminoli kiandike tarehe uliyokifungua na kiasi kilichobaki, kwa kalamu isiyofutika, kisha kifunge ndani ya kopo lenye kifuko cha kukausha unyevu. Ukiona unga umegeuka kahawia, pima kiasi kidogo kwa tone la mrututu na peroksaidi gizani kabla ya kuagiza mwingine.